Vitesse ya Damu ya Rosalie

Rosalie wa Likasi, Kongo, alikuwa na mikono ya dhahabu. Wanawake walipanga foleni kibarazani kwake awasuke nywele. Kisha vidole vikaanza kuvimba. Kila asubuhi vilikuwa vigumu, hata kitana hakishikiki. Alipima damu kwenye zahanati, akaambiwa, "Vitesse iko juu. Urudi kwa docteur."

Mumewe Germain, fundi wa kiwandani aliyejua kuwa vitesse ni Kifaransa cha mwendo kasi, alifurahi kupita kiasi.

"Rosalie, vitesse juu! Damu yako inakimbia muzuri. Weye uko muzima!"

Rosalie naye alitaka sana kuamini. Jumapili alishuhudia kanisani kwamba amepona, vigelegele vikapigwa. Kwa daktari hakurudi. Maskini, walidhani kila penye mbio pana nguvu.

Miezi ikapita. Vidole vya mkono wa kushoto vikapinda, vikagoma kunyooka. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Rosalie alilia akijificha jikoni.

Siku moja Stéphanie, jirani anayepima damu kwenye maabara ya hospitali, alikuja kusukwa. Aliviona vidole vile, akavishika.

"Dada Rosalie, ulipimaka damu?"

"Nilipima. Vitesse ilikuwa juu. Nilipona."

"Yesu wangu! Ile si kupona! Tunaweka damu mu katube kembamba, tunakasimamisha saa moya. Damu ya muntu muzima inashuka polepole. Ya weye inashuka mbio, sababu mwili inawaka mu ndani. Kuko na kipimo ingine, CRP. Nayo inapanda wakati mwili inawaka. Ata malaria inaweza kuipandisha. Njo maana docteur anaangalia na viungo."

Rosalie akauliza kwa sauti ndogo, "Na hii vidole, itarudia?"

Stéphanie hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ile ilishapinda, hapana. Ile ingine, tunaweza kuiokoa."

Kesho yake Germain alimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimkuta na baridi yabisi, akampa dawa ya kutumia muda mrefu. Damu ikapimwa tena na tena, ijulikane kama dawa inafanya kazi. Vitesse ikashuka. CRP ikashuka. Maumivu yakapungua, na mkono wa kulia ukanusurika.

Wa kushoto ulibaki vilevile, na kusuka kukaisha. Siku hizi Germain ndiye anayesonga bukari, ugali wa kwao. Wanaume wenzake wakimcheka, huwajibu bila kutabasamu:

"Mukisikia vitesse iko juu, musishangilie. Mukimbie kwa docteur."