Walioambiwa Wangoje

Fundi Nasri Selemani alirudi Sinema Kaze jioni ile kuchukua mkasi wake, basi. Alikuwa ameusahau juu ya kiti, na mkasi mzuri wa kukatia ngozi hauachwi katika jengo ambalo milango yake bado haijatiwa vitasa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya stesheni ya reli. Msikitini Gongoni muadhini alikuwa anasafisha koo kwenye kipaza sauti.

Jengo hilo lilijengwa na Mzee Abdulkarimu Nasoro. Alilipa jina la Kaze, kwa kuwa ndivyo watu wa misafara walivyouita mji huu kabla haujajulikana kwa jina la Tabora. Lilipofungwa likawa ghala la tumbaku, kisha likawa la popo. Sasa mjukuu wake, Bibi Najiat, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na nia ya kulifungua tena. Kuta alimpa Habimana, mwashi wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani. Viti alimpa Nasri.

Vilikuwa viti vya zamani vya kukunja, vile ambavyo mtu akiinuka, kikalio hujirudisha juu chenyewe kwa springi. Pa! Nasri alikuwa anavivua ngozi iliyooza, anavitia sponji mpya na kuvifunika upya, safu baada ya safu.

Ndani umeme ulikuwa haujaunganishwa. Akawasha tochi ya simu. Harufu ya gundi. Harufu ya chokaa mbichi. Akauona mkasi, akanyoosha mkono.

Ndipo akasikia mtoto analia.

Haikuwa kelele. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyekwisha kulia sana, akabaki na kwikwi. Kilitoka safu za katikati. Nasri hakushtuka. Mke wa mlinzi alikuwa na desturi ya kumletea mumewe chakula, na watoto wake walikuwa watundu. Akafanya kama ambavyo mtu mzima yeyote wa Tabora angefanya. Bila hata kugeuza kichwa, huku akipuliza vumbi kwenye mkasi, akasema:

"Nyamaza, nyamaza. Mama anakuja."

Kilio kikakatika. Hakikufifia... kilikatika, kama uzi.

"Kweli?"

Sauti ndogo. Karibu mno.

"Kweli," alijibu Nasri, kwa kuwa neno lilikuwa limekwisha kumtoka.

Nje alimkuta mlinzi peke yake, anachemsha chai.

"Mtoto wako yumo ndani, anamlilia mama yake."

Mlinzi akamtazama. "Mtoto yupi, mzee wangu? Mke wangu yuko Lusu kwao, kaenda na wote."

Asubuhi Habimana alikuwa wa kwanza kazini. Alimpokea Nasri kwa kicheko.

"Shikamoo mzee. Siku hizi unalala humu? Mama kakufungia mlango?"

"Marahaba. Kwa nini?"

"Njoo uone kitanda chako."

Kiti kimoja cha safu ya katikati kilikuwa chini. Viti vingine vyote vilikuwa vimejikunja juu kama desturi. Nasri akainama. Sponji mpya ukiibonyeza hurudi mara moja. Ile haikurudi. Ilikuwa na bonde dogo, dogo la makalio ya mtoto. Akaweka kiganja juu yake.

Palikuwa na joto.

Habimana akaacha kucheka. Akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye ndoo yake ya chokaa.

Nasri alikuwa mjane. Watoto wake wote walikuwa Dar es Salaam, na nyumbani aliishi na mama yake, Bi Minza, mzaliwa wa Kigwa, ambaye miguu ilikuwa imemchosha lakini si ulimi. Mchana ule alimkuta amekaa ukumbini, amepakata doti ya khanga mpya iliyokuwa sandukuni tangu Idi.

"Nasri," alisema mama. "Umemwambia nani kwamba ninakuja?"

Mwana akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Sijamwambia mtu, mama."

"Umemwambia. Nimeisikia sauti yako." Akaikunjua khanga, akaikunja tena. "Amekaa bado pale pale?"

Lilikuwa jambo ambalo halikutajwa katika nyumba hiyo, ingawa mtaa mzima ulilijua. Zamani, kila Jumapili alasiri, Sinema Kaze ilikuwa ya akina mama peke yao. Wanaume hawakuingia, isipokuwa wale wa kubebwa mgongoni. Mwaka 1971 Bi Minza alikwenda na binti yake wa kwanza, Mwanajuma, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa Ijumaa. Mgongoni alimbeba Nasri. Katikati ya picha Nasri akalia hata watu wakaguna. Mama akatoka naye nje kumnyonyesha. Kabla ya kutoka alimwinamia Mwanajuma: "Ningoje hapa. Usiinuke mpaka nirudi."

Taa zilipowashwa, kiti kilikuwa kitupu. Alitafutwa mji mzima. Alitafutwa hata visimani. Wengine walisema wachawi wamemchukua msukule, wakatajwa vikongwe wawili wasio na hatia. Hapakuonekana hata kandambili.

"Mama, yule si Mwanajuma," alisema Nasri. "Ni shetani wa jengo bovu."

"Mimi naujua uwanja ule kuliko Abdulkarimu aliyeujenga," alisema Bi Minza. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Aliniambia kwamba kabla ya sinema, kabla ya Mjerumani, pale ndipo walipoachwa watu. Wale wa kutoka Manyema, waliochoka, wenye vidonda, wasioweza tena kubeba pembe. Kirangozi aliyeongoza msafara aliwakalisha chini akawaambia: ngojeni hapa, tukirudi kutoka pwani tutawachukua. Wakangoja. Babu alisema walikuwa watiifu mno." Akailainisha khanga kwa kiganja. "Ardhi ile imezoea, mwanangu. Ukimwambia mtu angoje pale, inamshika."

"Na wewe ukienda?"

Bi Minza alianza kuitafuta chupa yake ya udi.

Nasri alijua jibu: hangerudi. Alikuwa na mama mmoja tu duniani. Jioni ile alirudi Sinema Kaze kufuta alilolisema.

Alisimama kwenye njia ya katikati, tochi mkononi. Kile kiti kilikuwa chini.

"Mama haji," akasema. "Nilikosea. Ni mzee, miguu inamuuma. Haji."

Popo mmoja akapita.

"Ulisema kweli," ilisema sauti ndogo.

"Nilikuwa sikujui."

"Mimi nakujua. Wewe ndiye uliyekuwa unalia."

Kisha Nasri akasikia kitu kingine, nyuma ya sauti hiyo. Pumzi. Si za mtoto, wala si za mtu mmoja. Safu ya mbele, safu za nyuma, kila upande... pumzi nzito za watu waliokaa muda mrefu, wanaosikiliza kwa makini mazungumzo yanayowahusu. Ikamjia harufu ya moshi wa kuni na jasho lililokauka.

Alitoka mbio.

Kuanzia hapo Bi Minza hakula. Alikunywa uji vijiko viwili, akageuzia uso mlangoni. Nasri alifunga geti kwa kufuli. Alikata shauri: atampeleka Kigwa kwa ndugu zake, mbali na jengo lile, akae huko hata sinema ikamilike au ibomoke. Alasiri alikwenda stesheni kuulizia treni, ufunguo wa geti ukiwa mfukoni.

Aliporudi, kufuli lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Chumba cha mama kilikuwa kinanukia udi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Jirani yake, Suzana, muuza karanga, alikuwa barazani kwake.

"Unamtafuta bi mkubwa? Kapita hapa sasa hivi, amependeza, doti mpya, anatembea kama msichana. Nikamtania, bibi, unakwenda kuolewa? Akasema anakwenda sinema. Nikamwambia sinema haijafunguliwa. Akanijibu, mimi nilikwishalipa."

Nasri hakukumbuka baadaye alipitia mtaa gani. Adhana ya magharibi ilimkuta mlangoni mwa Sinema Kaze. Habimana alikuwa nje, anaosha mwiko wake.

"Mama yangu?"

"Hajapita mtu hapa, mzee. Niko mlangoni tangu alasiri."

Lakini harufu ya udi ilikuwa inatoka ndani.

Nasri akasukuma mlango. Simu yake ilikataa kuwaka. Akasimama gizani, mkono ukutani, na kutoka safu za katikati akaisikia sauti ya mama yake, ya chini, ile aliyotumia kuamsha watoto alfajiri.

"Mwanangu. Kumbe hukuinuka."

"Ulisema nisiinuke."

"Nilisema, ndiyo. Nilisema mimi. Haya. Inuka sasa. Tangulia nyumbani, mdogo wako yupo. Mimi nipumzishe miguu kidogo. Naja."

"Mama!" aliita Nasri.

Pa!

Kiti kimoja kilijikunja juu.

Kisha kingine, upande wa kushoto. Pa. Kingine nyuma. Pa, pa... Safu nzima. Safu mbili. Viti vilipigapiga kama mvua ya kwanza kwenye bati, mpaka jengo zima likawa mlio mmoja. Neno la kuinuka lilikuwa limesemwa, na aliyelisikia hakuwa Mwanajuma peke yake.

Nasri akajibana ukutani.

Wakapita.

Hakuwaona. Alisikia nyayo tupu juu ya saruji, nzito, za watu wenye mizigo. Mabega yalimgusa. Njuga zililia mara moja, mguuni mwa mtu. Walimpita mmoja mmoja, wakatoka kwenye mlango ambapo Habimana alikuwa amepiga magoti. Wa mwisho alikuwa mfupi, akifika kiunoni mwa Nasri. Vidole vidogo vya baridi vilikishika kidole chake, vikakishikilia kidogo, kama mtoto anayetaka kuvushwa barabara.

Vikakiachia.

Simu ikawaka yenyewe mkononi mwake. Viti vyote vilikuwa vimejikunja, isipokuwa kimoja. Bi Minza alikuwa amekaa hapo, mikono juu ya mapaja, uso umeelekea ukuta mweupe, kama mtu anayeangalia picha inayompendeza. Nasri alipomshika, alikuwa wa baridi. Ilikuwa baridi isiyo ya mtu aliyesema neno sasa hivi.

Walimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Bibi Najiat alikuja kwenye msiba, akaomba radhi kwa jambo ambalo hakuna aliyemlaumu, na kazi ikasimama. Habimana hakudai hata ndoo zake. Alirudi Ulyankulu, akapiga simu siku matanga yalipoanuliwa.

"Mzee Nasri, pole tena. Nikuulize kitu. Wale watu..."

"Sema."

"Wanapita huku. Jioni. Hatuwaoni, lakini mbwa wanawaona, na njia asubuhi imekanyagwa. Wanaelekea magharibi. Esperansi, mke wangu, anasema tusiwapigie kelele, wanakwenda kwao. Baba zetu walikuja hapa na nguo za mwilini tu, mzee. Mtu anayekwenda kwao tunamjua." Akakohoa. "Ila Esperansi amesikiliza sana, kwa sababu nilimsimulia. Anasema nyayo ni za watu wazima tupu. Mtoto hamo."

Nasri akamshukuru, akakata simu.

Wageni wa mwisho walikuwa wameondoka, mikeka imekunjwa. Nyumba ilikuwa yake peke yake. Nje kiza kilianza kuingia. Alikaa ukumbini bila kuwasha taa, mgongo kwa mlango wa chumba cha marehemu, ambao mwenyewe alikuwa ameufunga.

Nyuma yake mlango ukalia taratibu.

"Mdogo wangu."

Hakugeuka.

"Mama alisema anakuja."

Nasri akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Maneno yalikuwa yamemjaa kinywani, yale yale ambayo watu humwambia mtoto, mepesi, ya huruma. Akayabana kwa meno. Machozi yakamtoka, na hakutoa sauti. Alifikiria kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, na mwanamke mtiifu kwa neno lake aliyelala humo.

Mtoto alingoja jibu. Alikuwa hodari wa kungoja.

"Basi," ilisema ile sauti, "nitakaa hapa."

Na chumbani, kitanda cha Bi Minza kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu mwepesi anapopanda.