Maji Yana Dawa

Simu ya setilaiti ya Iridium ilitetemeka ndani ya pakiti ya unga.

Tandu aliichomoa kwa vidole vyenye donge la unga, akasoma. "Mgonjwa asifike hospitali. Mjomba."

Yaani mzigo usiguse bandari. Mzigo gani, umefichwa wapi? Mjomba mwenyewe, bosi wake wa ujasusi, alikuwa na fununu tu. Wakubwa ndivyo walivyo: wanakutuma ukakamate kivuli, wao wamekaa kwenye kiyoyozi.

Akaizika tena simu kwenye unga, akaendelea kukanda mkate. Kwenye yoti ile hakuna aliyemjua kwa jina la Tandu. Alikuwa dada wa jikoni, basi, anayelala na kisu kiunoni na kuamka akinuka vitunguu.

Bahari pande zote. Kazi zile zile kila kukicha: kuteka maji ya chumvi kwa ndoo ya kamba, kusugua sufuria, kuanika mashuka yasiyokauka, kushona tanga, kushika usukani kwa zamu. Katika kazi hizo alikuwa amepekua kila kona. Chini ya vitanda. Nyuma ya injini. Ndani ya matanga ya akiba.

Patupu.

Maji ya kunywa yalikuwa ya kupimiwa. Tangi la kushoto lilikuwa linaelekea kukauka. La kulia Kapteni alilitia kufuli, na Fundi alipouliza kwa nini, alikatwa kauli: "Liache. Maji yake yana dawa."

Fundi ndiye alikuwa mtu wa tatu na wa mwisho humo chomboni, mtu wa injini, pampu na vichekesho. Mchana ule aliingia jikoni na kikombe kinachofuka mvuke.

"Dada, hebu pumzika. Chai ya leo haina ukakasi."

Tandu akanywa. Ilikuwa tamu kweli. Nusu kikombe kilishuka kabla hajauliza, "Maji umeyatoa wapi?"

"Siri yako!" Fundi alicheka. "Nimelifungua lile kufuli kwa waya. Kapteni mchoyo tu. Mwenyewe kasema yana dawa, yaani yametibiwa, masafi kama ya bomba la mjini. Nimekunywa, nimeoga, na chai ya asubuhi nimeipika kwa hayo hayo. Bwana mkubwa kaongeza kikombe cha pili, wala hajui!"

Tandu alikiweka kikombe chini taratibu.

Fundi akachomoa spana mfukoni arudi kwenye injini. Spana ikamponyoka, ikagonga sakafu.

"Sijui nina nini leo," Fundi alisema. "Vidole havinisikii."

Tandu alikitazama kikombe tena. Dawa! Ya panya nayo si ni dawa?

Alimlaza Fundi kitandani, akamfunika, akajifungia chooni na simu, antena ikichungulia dirishani.

"Mjomba. Ni sumu. Ipo kwenye tangi la maji."

"Basi ndiyo ile ya kwenye fununu." Sauti ilishuka. "Wenye mzigo walitaka kuimwaga kwenye bwawa la mji."

Mji ule ndio mama yake Tandu anakoishi. Binti yake pia. Kila siku wanakinga maji bomba la uani, mtoto anakunywa kwa kiganja kabla ndoo haijajaa.

"Tiba yake?"

"Usiyaguse maji hayo."

"Mjomba, tiba yake?"

"Umekunywa?"

"Nusu kikombe."

"Haina tiba, mwanangu."

Tandu alitaka kulia, akajizuia kwa hasira. Hakuwa na muda wa anasa hiyo.

Akashuka kwenye pampu. Akageuza bomba la tangi la kulia limwage nje, akawasha. Pampu ikanguruma, na sumu ikaanza kutoka ubavuni mwa yoti, ikipotea baharini.

"Zima."

Kapteni alisimama ngazini. Bastola ya Glock mkononi.

"Zima, Mpishi, au nakutoboa."

"Nitoboe. Nimeshakunywa."

Kapteni alikunja uso. "Umekunywa lini?"

"Sasa hivi. Wewe umenitangulia, tangu asubuhi. Vikombe viwili."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Kamuulize Fundi. Ulimwambia maji yana dawa. Akashukuru, akakupikia chai."

Bastola ikaanza kucheza. Kapteni akaishika kwa mikono yote miwili, ikazidi kucheza. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Akakaa chini ngazini, mtu mzima, akaanza kumwita mama yake.

Tandu alimnyang'anya bastola, wala hakupata upinzani. Alisubiri pampu mpaka ikaanza kuvuta hewa. Akateka maji ya bahari, akasuuza tangi, akayatoa. Akarudia. Akarudia tena, mpaka kamba ya ndoo ilipomponyoka.

Alipofika kwa Fundi, alimkuta macho.

"Dada, nimekosea nini? Kapteni analia."

"Hujakosea kitu. Ni mawimbi tu, yanatusumbua wote."

"Kesho nitakuwa sawa?"

"Utakuwa sawa."

Ulikuwa uongo wake wa mwisho kazini, na ndio uliomuuma kuliko yote.

Akapanda juu, akapiga simu. "Tangi ni tupu, Mjomba."

"Nimwambie nini mama yako?"

Tandu alifikiri. Upepo ulikuwa mzuri, tanga limejaa, yoti inakimbilia nchi ambayo hata mmoja wao asingeiona.

"Mwambie nimepata safari ndefu. Mtoto asiningojee."

Akakata. Akageuza usukani, kisogo kwa nchi kavu, hata tone lililobaki lisiguse bandari, akaufunga kwa kamba. Kisha akashuka akakae na Fundi, asife peke yake.