Wabishi wa Chumba cha Pampu

"Msumari, uko wapi?"

"Nyuma yake. Anakimbia."

"Mwache."

Msumari akakanyaga breki. Hilux ikaserereka, ikasimama ubavu kwa ubavu na ukuta. Mbele yake pikipiki nyekundu ikakata kona na kupotea.

"Shangazi, nilikuwa nimeshamtia mkononi!"

"Huyo tarishi tu, ameacha mzigo getini wala hajui ni wa nani. Geuza gari. Nenda mtambo wa maji."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Hilo lilikuwa jina la kazi la mkuu wake, mwanamke ambaye hata akicheka unajikuta umesimama wima.

Alimweleza kupitia kidude cha sikioni huku gari likikata mitaa. Mtambo wa maji ulikuwa unatupa mfumo wa zamani wa kompyuta na kuweka ule wa bure, Linux. Mfumo huo hauna mwenyewe. Yeyote anaweza kuuchukua, akaufinyanga apendavyo na kuupa jina, ndiyo maana matoleo yake hayahesabiki. Mafundi walibishana mpaka sauti zikawakauka, kisha wakaangukia toleo dogo liitwalo Korongo. Lenyewe halikuwa na neno. Nakala waliyoipakua ndiyo ilikuwa bandia.

"Hawakuhakiki faili?"

"Walihakiki. Walilinganisha namba ya utambulisho ya faili na namba iliyoandikwa kwenye ukurasa uleule walikoipakua."

Msumari akasonya. "Yaani wamemuuliza mwizi kama ni mwizi."

"Naye akakana. Sasa sikiliza. Kompyuta ya pampu ya klorini inaendeshwa na nakala hiyo tangu asubuhi. Mle ndani wapo mafundi watatu. Mmoja amenunuliwa na kampuni ya ng'ambo inayotaka mji uuchukie mtambo, ili uuzwe kwa bei ya kutupa. Mzigo wa getini ulikuwa simu, na ameshauchukua. Akiibonyeza, pampu inafunguka mpaka mwisho."

"Tukate mtandao."

"Hauhitaji. Yuko chumba kimoja na kompyuta. Na ukimkamata asiyehusika, anayehusika atabonyeza."

Shangazi akashusha sauti.

"Dada yako leo yuko wapi?"

"Hospitali. Kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Ameshaunganishwa?"

"Ameshaunganishwa."

Hospitali ilikuwa kwenye bomba la kwanza kutoka mtamboni. Mtu mwenye afya akinywa maji yenye klorini nyingi atatapika na kulaani. Mgonjwa wa figo maji hayo hayo hupita jirani kabisa na damu yake. Machujio ya hospitali yakizidiwa, hana hata nafasi ya kulaani.

Msumari akakanyaga mafuta.

* * *

Mlango ulikuwa wa chuma, na nyuma yake harufu kali ya klorini. Msumari aliingia na bastola ya Glock chini ya koti, kompyuta ya ThinkPad kwapani, na uso mkavu kama wa mtoza ushuru.

Watu watatu waligeuka. Mwanamke mnene mwenye spana kwenye mfuko wa ovaroli: Injinia, mkuu wa chumba. Kijana mrefu asiye na unywele: Kipara. Wa tatu alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri, na ndiye peke yake aliyemsogezea kiti.

Wote watatu walikuwa na simu.

"Wewe nani tena?" Injinia aliuliza.

"Mkaguzi. Nimetumwa niwaambie mmechagua toleo la hovyo."

"La hovyo kwa nani?"

"Kwa yeyote mwenye akili."

Alijua anachokichokoza. Aliwahi kuishi na mafundi wa aina hii kwa kazi nyingine. Waguse mishahara watanuna tu. Waguse toleo, watapandisha mori.

"Mimi nilitaka Debian tangu mwanzo!" Injinia aliruka. "Linatulia, unalisahau. Lakini huyu kichwa balbu akanipigia kelele!"

"Debian la wazee, mama," alisema Kipara. "Unangoja kitu kipya mpaka mvi ziote. Fedora ndiyo mpango."

"Mvi ni zangu, zinakuwasha wapi? Wewe hata pa kuoteshea huna!"

"Angalau mimi najua mwaka huu ni mwaka gani."

"Na ulipoiangusha seva nzima kwa uchu wa mambo mapya, nani alikuja kukuokota? Si mimi na mvi zangu?"

Msumari akamwaga petroli. "Wote mnababaisha. Hapa hata Mint, ya wanaoanza, ingewatosha."

Kipara alimtazama kama ametukaniwa mama. "Mint? Mint ni ya shangazi yangu!"

Kwenye kidude cha sikioni, Shangazi alikohoa.

Msumari akamgeukia mwenye ndevu. "Na wewe, kaka? Nyumbani unatumia lipi?"

Ndevu alitabasamu. "Mimi sina neno, bosi. Yote ni mazuri tu. Kila moja lina faida zake."

Msumari akaishika vizuri ThinkPad.

Adabu.

Fundi aliyefuta kompyuta yake mwenyewe, akaiua, akaifufua, ana toleo analolipenda na lingine asilotaka kulisikia. Huyu hakuwahi kuumwa na lolote. Alikuwa amekariri.

"Korongo mlilipataje? Nani alilitaja kwanza?"

Pole pole, Injinia na Kipara wakamtazama Ndevu.

"Nilitaka tu msigombane," Ndevu alisema.

Kidole gumba chake kikateleza kwenye kioo cha simu.

ThinkPad ya Msumari ilimpiga kiganjani. Simu ikaruka. Ndevu akampiga Msumari teke la goti, akajitupa sakafuni, akaifikia simu kwa mkono usioumia.

Akabonyeza.

Pampu ikanguruma. Mshale wa kipimo ukutani ukaanza kupanda, ukauacha mstari wa kijani, ukaushika wa manjano.

"Ifungeni!" Msumari alipiga kelele, goti lake likiwa mgongoni mwa Ndevu na Glock ikiwa kisogoni.

"Haisikii!" Kipara alikuwa anagonga kibodi. "Imenifungia nje!"

"Achana na kibodi, mpumbavu! Gurudumu la mkono!"

Injinia alishaifikia valvu kubwa. Ilikuwa imekaza. Akapachika spana, Kipara akaning'inia upande wa pili.

"Kulia, mama! Kulia!"

"Usinifundishe kulia! Sukuma!"

Mshale ukagusa nyekundu.

Gurudumu likalia, likakubali. Likazunguka. Mshale ukatetemeka, ukasita, ukaanza kushuka.

Kijani.

Injinia akaung'oa waya wa kompyuta ukutani kwa hasira za mwaka mzima.

"Umenijuaje?" Ndevu aliuliza, shavu likiwa sakafuni.

"Hukutukana mtu," alisema Msumari, akimfunga pingu.

Simu ya Msumari ikatetemeka. Dada.

"Mashine imelia hapa, imenyamaza," dada alisema. "Manesi wanakimbiakimbia, hawasemi kitu. Wewe si ulisema unakuja kukaa nami?"

"Uko sawa?"

"Ningekuwa sawa ningekuwa hapa? Miguu imeganda. Njoo na soksi. Nzito, siyo zile zako za kitapeli."

"Nakuja, dada."

Shangazi akarudi sikioni. "Msumari, vijana wetu wapo ngazini. Wanamchukua."

"Wamchukue. Mimi nina safari."

Alikuwa ameshafika mlangoni wakati spana ilipotua kwenye fremu, mbele ya pua yake.

"Wewe mkaguzi," Injinia alisema. "Umetuchokonoa sote. Lako hatujalisikia."

Kipara naye alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, jasho likimtiririka kichwani.

"Unatumia lipi?"

Msumari akawatazama mmoja mmoja. Akairudisha Glock chini ya koti.

"Slackware," alisema. "Nyinyi wengine mnacheza."

Akainama, akapita chini ya spana, akaufunga mlango wa chuma nyuma yake. Matusi yalimfuata ngazi zote, ya Injinia na ya Kipara, kwa mara ya kwanza yakiwa upande mmoja.

Hakugeuka. Alikuwa na soksi za kununua.