Taajili ya Muatasim

Krrr! Zipu ya begi ililia gizani kabla ya adhana ya alfajiri. Hamdiya akatabasamu kitandani. Mwanawe Muatasim huyo, anakwenda mazoezini kabla ya chuo. Akazikumbuka siku zile hapa hapa mjini Sib, mtoto alipofunga kanga ya mamake baina ya nguzo mbili za uani ikawa ndiyo wavu, na baba mtu, Marhoon, Mungu amrehemu, akimrushia mpira mpaka magharibi. Yeye jikoni akipiga kelele, "Kanga yangu hiyo, nyie!" Nani amsikie? Utamu wa siku zile, jamani!

Muatasim alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, nahodha wa timu ya chuo ya mpira wa wavu. Jioni ile, akinywa chai, akasema, "Mama, nimeomba taajili chuoni."

"Taajili? Mashallah! Unataka kumaliza mapema!" Hamdiya akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Hapa ndipo kosa lilipoingia, wasomaji wangu. Kiarabu kina taajili mbili, ya kuharakisha na ya kuahirisha. Mwarabu huzitenganisha kooni. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, zote hututoka sawasawa. Muatasim alikuwa anaahirisha masomo, maana klabu ya nchi jirani ilimwita akacheze kwa mshahara. Akaona mamake amekosea, asimsahihishe. Alipoondoka akasema anakwenda mafunzo ya kazi.

Hamdiya akatangaza mtaa mzima. Jirani yake Wadha akamtania, "Joho la mahafali ushashona, Bi Hamdiya?"

"Nnangoja waniambie rangi tu!"

Chuo kilimpa ruhusa ya mihula miwili. Ikapita, klabu ikamwongezea mkataba, naye hakurudi. Mwezi uliofuata akaruka, akatua vibaya, kano ya goti ikakatika. Klabu ikampa pole na tiketi ya kurudi nyumbani.

Hamdiya, akidhani goti limeumia mafunzoni, akampeleka chuoni mwenyewe kwa gari ili amalizie masomo. "Jina lake limeshaondolewa," karani akasema. "Muda wa taajili umepita."

"Umepitaje, na mwanangu kaharakisha?"

Karani akalitamka tena lile neno polepole, kutoka kooni. Hamdiya akafahamu: ni ile ya kuahirisha.

Garini akauliza, "Ulijua nimefahamu vingine?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa unacheka. Tangu baba afariki sijakuona ukicheka vile."

Hamdiya akamfunga mkanda kama mtoto, akawasha gari.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto akituletea habari njema, tuulize mara ya pili kabla hatujaitangaza. Nanyi vijana, kucheza kwa ujira si aibu. Lakini kabla ya kutia saini, semeni kweli nyumbani, hata kama kweli hiyo itamnunisha mama. Goti linaweza kwisha kwa mruko mmoja. Na mtu ambaye angekukumbusha tarehe ya kurudi darasani ndiye huyo huyo uliyemficha.

Chuo kilimpokea Muatasim upya, lakini kuanzia mwanzo, pamoja na vijana aliowapita miaka mitatu. Asubuhi ya kwanza Hamdiya aliwafungia mkate na jibini yeye na mdogo wake Hadeel, wa miaka sita. Muatasim akasimama mlangoni kainamisha kichwa kwa haya, miguu haitaki kutoka. Hadeel akamshika mkono.

"Kaka, na mimi leo naanza darasa la kwanza."