Jina Juu ya Boksi

Saa 3:20 asubuhi

Gasper alichora ghala kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma ya saluni, Tunduma mjini. Mlango mmoja. Mlinzi mmoja. Saa saba mlinzi huvuka barabara kwenda kula, dakika ishirini, hazidi.

"Mashine za oksijeni thelathini," alisema. "Saa sita duka linaziweka mtandaoni. Dakika nne, zimeisha. Mzigo unabaki ghalani mpaka saa kumi. Sisi tunaupitia saa saba. Moja ya Aliko. Zilizobaki zinavuka mpaka na Watson."

"Nakonde wananisubiri, mune," Watson, dereva Mzambia, alimwambia rafiki yake.

Fortunata, mfungashaji wa duka lenyewe, alikuwa amekaa mlangoni. Funguo alikuwa nazo yeye.

Aliko alifuata hiyo moja tu. Mama yake, Tulinagwe, alikuwa kitandani nyumbani Hasamba, akipumulia mashine ya kuazima, na mwenye mashine alikuwa anaifuata leo jioni. Pesa ya mauzo ya kahawa ilikuwepo kwenye simu. Mara tatu Aliko amekesha na ukurasa wa duka, mara tatu amejibiwa samahani, bidhaa imeisha. Jamani, imeisha vipi kabla haijaanza? Hasira hiyo ndiyo iliyomleta kwa majambazi, na mimi simcheki.

Saa 6:00 mchana

Kirikuu, kigari cha mizigo cha Watson, kilisimama Mpemba, kando ya foleni ya malori ya mpakani. Aliko alibanwa katikati, Watson kwenye usukani, Gasper mlangoni. Kidole cha Aliko kikafungua ukurasa wa duka kwa mazoea tu. Akabonyeza. Pesa ikakatwa. Ujumbe ukaingia: oda imekubaliwa, njoo uchukue mzigo wako saa kumi.

Ameipata. Kwa halali.

"Gasper, mimi nishuke."

"Ushuke uende wapi?"

"Tumbo."

"Wote tuna matumbo." Gasper aliweka panga magotini. "Unalijua ghala, unaijua saa, unamjua Fortunata. Tulia hapo."

Akatulia. Angepita wapi?

Saa 7:04 mchana

Mlinzi alivuka barabara. Fortunata akafungua. Walibeba bila kuongea, boksi baada ya boksi, mpaka Gasper aliposimama na la mwisho, akisoma karatasi iliyobandikwa juu.

"Aliko Nzowa. Hasamba, karibu na kanisa." Akamtazama. "Hii nini?"

"Nilijaribu tu kwenye gari. Ikakubali."

"Ukanyamaza."

"Niliomba kushuka, kaka."

"Nimeibandika mimi," Fortunata alisema polepole. "Nilidhani umejitoa, Aliko. Nilifurahi."

Gasper hakupandisha sauti, na hapo ndipo Aliko alipoogopa kweli.

"Polisi wakikuta ghala tupu, watatutafuta wote. Wakikuta mtu ndani, mwizi wameshampata." Akamsukumia boksi kifuani. "Shika mali yako. Ukitaja jina la mtu, kwa mama yako sasa napajua."

Aliko alikimbilia mlango. Panga likamrudisha.

"Fortunata, funga."

Wakatoka wakimwacha ndani; Fortunata aliinamisha uso, akafunga.

Saa 7:50 mchana

Sajenti Lusungu wa polisi, aliyeitwa na mlinzi, alimkuta amekaa juu ya boksi.

"Wenzako wako wapi?"

Aliko alifikiria Hasamba, karibu na kanisa. Akatikisa kichwa.

"Afande, mimi nifungeni. Hili boksi nimelilipia, soma jina, ujumbe uko kwenye simu. Mama yangu anapumulia mashine ya watu, jioni inaondoka. Mpelekeeni, nakuomba."

Sajenti alisoma jina. Akasoma kitambulisho. Akasoma ujumbe, mara mbili, akamrudishia simu mfukoni.

"Ni lako kweli," alisema, na alisema kwa huruma. "Lakini limekutwa kwenye tukio. Ni kielelezo cha mahakamani. Litatoka kesi ikiisha."

"Inaisha lini?"

Sajenti alichukua kalamu nyekundu, akaandika namba ya jalada juu ya jina la Aliko, akaamuru boksi lipakiwe. Simu ikaanza kuita mfukoni mwa Aliko. Alijua ni Dina, dada yake, anapiga kutoka kitandani kwa mama, na mikono yake ilikuwa nyuma, ndani ya pingu.