Picha Iliyokataa Siku ya Harusi ya Brenda

Jumamosi hiyo nyumba ya Marta pale Levolosi ilijaa watu mpaka kizingitini. Ndugu walishuka kutoka Makumira na kule juu mlimani. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando ilikuwa kwenye mabakuli, chai kwenye chupa, na umbea kwenye kila kiti. Binti yake, Brenda, alikuwa anafunga ndoa Ujerumani saa nane. Wote walikuja kumwona kwenye TV kubwa ya ukutani.

Lakini TV ilikuwa nyeusi tii.

"Yona, vipi?" Marta aliuliza.

"Inakuja, mama." Yona, kaka yake Brenda, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la TV. Harusi ingeonekana kupitia kompyuta yake ya mezani. Alizoea kuiunganisha na TV hiyo kutazama filamu.

"Inakuja, inakuja! Ungekuwa ujauzito, tungeshabeba mtoto," alisema shangazi Elinami.

Watu wakacheka. Marta hakucheka. Alimtazama mumewe, mzee Sumari, aliyekaa na blanketi miguuni. Alikuwa amepasuliwa nyonga, hakuweza kusafiri. Macho yake nayo yalikuwa hafifu. Kwenye simu aliona ukungu mtupu.

Kwao, binti haolewi bila neno la baba. Na mzee alikuwa ameshasema, "Siwezi kumbariki mtu nisiyemwona."

Simu ya Marta ikaita. Alikuwa Brenda.

"Mama, mbona siwaoni? Kanisa limejaa. Mchungaji ana harusi nyingine baada yetu. Anasema hawezi kungoja sana."

"Tunakuja, mwanangu," alisema Marta.

"Hiyo ni antena!" Gadiel, mdogo wake mzee Sumari, aliinuka. "Tangu enzi za TV ya chogo, picha ikikataa, dawa yake ni kuzungusha antena."

"Shemeji, mvua inanyesha!" alisema Marta.

Gadiel alishatoka. Mara wakasikia hatua zake juu ya bati.

"Imekuja?" alipaza sauti.

"Bado!" nyumba nzima ikajibu.

"Na sasa?"

"Bado!"

Ghafla bati likalia kraa! Kiatu kikapita mbele ya dirisha, kikaanguka kwenye tope. Wanawake wakapiga yowe. Marta alitoka mbio. Alimkuta Gadiel amekumbatia mlingoti wa antena, mguu mmoja unaning'inia hewani.

Jirani yao, Naeku, naye alikuwa ametoka nje kwa kelele zile. Ndiye anayerusha ibada ya usharika wao mtandaoni, na alijua harusi ingepitia kompyuta ya Yona.

"We Gadiel, unataka harusi igeuke msiba?" alifoka. "Shuka taratibu! Picha ya kompyuta haipiti kwenye antena. Inapita kwenye waya."

Gadiel akashuka kwa ngazi. Naeku akaingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nioneshe binti yangu."

Naeku alishika rimoti. Akabonyeza kitufe kilichoandikwa Source. "TV ina matundu mengi," alisema. "Lazima uiambie itazame tundu lipi. Yona, waya wa kompyuta umeuchomeka wapi huku kwenye TV?"

"HDMI mbili."

Naeku akachagua HDMI 2. Bado giza.

"Hapo nilishajaribu, dada," alisema Yona. "Wiki iliyopita ilionyesha vizuri kabisa!"

"Tangu wiki iliyopita mmebadilisha nini?"

"Hakuna. Ila jana fundi aliongeza kadi ya picha kwenye kompyuta, ili filamu zionekane safi."

"Na waya uliurudisha wapi?"

"Palepale pa siku zote."

"Basi kosa ni hilo! Sasa kadi ndiyo inayotoa picha, na ina tundu lake. Ulipochomeka ni tundu la zamani. Zima vyote, uhamishe waya."

Yona akazima. Akachomoa waya kutoka tundu la juu, akauchomeka kwenye tundu la kadi, chini. Akawasha tena.

TV ikawaka. Yona akafungua simu ya video. Kanisa likajaa ukutani, na Brenda katikati, shela nyeupe kichwani.

Vigelegele! Kisha Marta akaisogelea TV. Midomo ya mchungaji ilikuwa inacheza, lakini sauti haikutoka. Mchungaji akatazama saa yake, akafungua kitabu.

"Wanaanza bila sisi!" alilia Marta.

"Tulia, mama Brenda. Waya huu unabeba picha na sauti pamoja, ila kompyuta lazima uielekeze. Yona, bonyeza alama ya spika hapo chini, pembeni. Chagua jina la TV."

Yona akabonyeza. Sauti ikalipuka sebuleni. Mkalimani wa Kiswahili pale kanisani alikuwa anasema, "...basi tuendelee."

"Msiendelee!" Marta alipiga kelele.

Kule Ujerumani kanisa zima likageuka. Brenda akashika mdomo.

Mzee Sumari aliinama mbele. Alitazama kwa muda mrefu, na nyumba nzima ilimngoja.

"Nakuona, mwanangu," alisema. "Mpaka hereni ulizovaa, naziona. Nenda kwa amani. Mlango wenu usikose mgeni, na jiko lenu lisikose moto. Nimekubariki."

"Amina!" nyumba ikaitika.

Brenda alifuta machozi. Kisha akamgeukia mchungaji.

"Sasa tuendelee," alisema.