Risasi Iliyopwaya

"Jibini limeoza. Veere. Kabla ya adhuhuri."

Krijn Barentse, mkaguzi wa forodha, aliitafuna karatasi, akaimeza, akatoka mbio.

Jibini ni silaha. Kuoza ni kwenda kwa adui. Na adui, Mhispania, alikuwa mji wa Hulst, akipigana na kikosi cha Teunis, mdogo wa pekee wa Krijn. Agizo lilitoka kwa wakubwa moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu wake. Hilo lilimshangaza.

Bandarini Veere alirukia merikebu kamba zikifunguliwa. Bastola yake iliyotengenezwa Liège ilitangulia.

"Fungua kasha!"

Nahodha Goossen alicheka. "Taratibu, kaka. Silaha za vita hazilipi ushuru. Kwani hujui kusoma?"

Akamtupia barua ya msamaha wa ushuru. Bunduki mia sita, za ghala la jeshi, Middelburg. Muhuri halali.

Krijn alichomoa bunduki moja, akatumbukiza risasi ya jeshi mtutuni.

Ikapwaya.

Ilicheza mle kama njegere chunguni. Mtutu huo ulipimwa kwa risasi ya Mhispania, iliyo kubwa zaidi.

Ndipo akaisoma sahihi. Huibrecht Maes. Mkuu wake. Mtu aliyemlea tangu baba yake auawe vitani.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Umechelewa kusoma, mwanangu."

Maes alisimama nyuma yake, mikono mitupu, kofia imekaa sawasawa.

"Mzee, Teunis yuko handakini kule!"

"Najua. Nimempakata yule. Lakini vita itaisha, sisi tutabaki na fedha hizi. Wewe nyamaza tu. Ukisema, wataninyonga."

 Krijn alitamani kunyamaza, kweli alitamani.

Gatini askari wa doria walikuwa wakila samaki wa heringi.

"Sajini!" akaita. "Mzigo huu umesamehewa ushuru uende ghala la jeshi. Sahihi ya mzee Maes mwenyewe. Ushusheni!"

Maes akaitazama sahihi yake. Angepinga vipi barua yake mwenyewe?

Goossen alijitosa majini. Wakamwopoa kwa ndoano, naye akaropoka yote: mzigo kwenda Antwerp, Wahispania, mzee.

Maes akafungwa pingu.

"Krijn! Mimi nilikulea!"

"Ndiyo, mzee. Ungenifundisha kazi ovyo, leo ungepona."

Alichomeka bastola kiunoni, akashuka bila haraka.

"Unamfahamu huyu?" sajini aliuliza.

"Baba yangu," Krijn akasema, akaenda zake.